Sauti Nane za Desmond Tromans

Marehemu Desmond Amos Tromans alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Novemba 1941, hapa Cradley Heath, nyumba namba 27 nyuma ya kanisa la Wamethodisti. Alikuwa mtoto wa pili na kitindamimba wa Amos na Leah Tromans. Amos alichimba makaa ya mawe. Leah alifua minyororo katika kibanda cha uani, kazi aliyoirithi kwa mama yake, na kichanga wake alilala ndani ya sanduku la sabuni, hatua tatu kutoka kwenye fuawe, mahali ambapo cheche zilikuwa zikifika zimeshachoka. Dada yake Avis, ambaye leo ameketi mstari wa mbele, alikuwa na miaka mitatu na nusu. Anakumbuka kwamba mtoto yule hakulia ovyo. "Alikuwa anasikiliza nyundo kwanza," anasema, "ndipo analia, tena kwa kufuata mapigo."

Lafudhi ya Cradley Heath haina haja ya kuelezwa kwa wenyeji wake. Kwa wageni waliotoka Guildford na London, ni ile mliyoisikia mlangoni mlipokabidhiwa karatasi hizi, ambayo baadhi yenu mliijibu kwa tabasamu kwa sababu hamkushika neno. Hiyo ndiyo lafudhi aliyokulia marehemu. Binti yake, Harriet, anayesoma maneno haya, hakuwahi kuisikia kinywani mwa baba yake hata siku moja. Alipokuwa mdogo aliambiwa kwamba baba alitoka "upande wa Birmingham", na aliambiwa kwa sauti ya mtu ambaye huenda alipita huko mara moja kwa treni, akiwa usingizini.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini, na mwaka 1953 alifaulu mtihani wa kwenda sekondari, wa kwanza katika mtaa wao. Siku hiyo Leah alizima moto wa kibandani mchana kweupe, jambo ambalo majirani walilikumbuka kuliko mtihani wenyewe. Juma la kwanza katika shule ile mpya, mwalimu wa fasihi alimsimamisha asome kwa sauti. Des alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Darasa lilianza kucheka kwenye mstari wa pili.

"Tromans," mwalimu alisema alipomaliza, "kwenye karatasi unaandika kama wakili. Ukifungua mdomo, amekuja mtu wa makaa. Sasa kati yenu wawili, mimi nimemwandikisha nani?"

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alidhani anatania. Lakini Des alilipokea kama swali. Akakaa. Baada ya Krismasi aliposimamishwa tena, alisoma kwa sauti ya mwalimu mwenyewe, pumzi kwa pumzi, na safari hii hakuna aliyecheka. "Mnaona?" mwalimu akaliambia darasa. "Akili imeanza kufunguka." Marehemu alisimulia kisa hicho mara nyingi mezani, akicheka, na kila mara alikomea hapo. Jioni alirudi kwa mama yake na sauti ya nyumbani. Ile nyingine aliivua mlangoni pamoja na viatu.

Mwaka 1960 alikwenda London kusomea uigizaji. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba hatakuwa mwigizaji mkubwa, bali ana sikio ambalo walimu wake hawajapata kukutana nalo. Aliweza kukaa asubuhi moja katika soko la samaki la Aberdeen akaondoka akiwa mtu wa Aberdeen. Kuanzia 1965 hadi alipostaafu mwaka 2004 alifundisha lafudhi katika chuo cha maigizo, na waigizaji walikuja kwake kujifunza kuwa watu wa Liverpool, wa Newcastle, wa Cornwall. Aliwaambia hivi: "Msiige mdomo. Jiulizeni mtu huyu anaogopa nini akisikika."

Mwaka 1966 alikuwa akitafuta chumba cha kupanga. Alipiga simu kuulizia tangazo moja akiwa amechoka, akasahau kubadilisha sauti. Mwenye nyumba, Bibi Fanshawe, akamwambia chumba kimeshachukuliwa. Des akaweka simu chini, akanywa chai, akapiga tena kwa lafudhi ya kusini, ile ya watu waliosoma.

"Chumba kipo," akasema Bibi Fanshawe. "Njoo saa kumi. Nimefurahi umepiga, maana sasa hivi tu alipiga mtu wa ajabu."

"Pole sana," Des akasema. "Wapo wengi siku hizi."

Akahamia. Aliishi katika chumba kile miaka sita, na kwa miaka sita ilimbidi awe yule mtu wa simu ya pili, kuanzia kifungua kinywa hadi kuzima taa.

Ni katika nyumba hiyo alipokutana na Rosamund, binti wa kaka yake Bibi Fanshawe, aliyekuwa akisomea kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa. Walifunga ndoa Guildford, Jumamosi tarehe 17 Juni 1972. Leah alikuja na kofia ya kuazima na Avis alikuwa mpambe. Bwana harusi alipotamka kiapo chake, Avis alimwinamia mama yake sikioni.

"Mama, huyo anayemwoa wifi yangu ni nani?"

"Nyamaza," Leah akasema. "Yuko kazini."

Katika miaka ya kwanza ya ndoa, kila Jumapili saa kumi na moja jioni, Des aliingia chumba cha simu, akafunga mlango na kuzungumza na mama yake. Rosamund alisikia kupitia ubao wa mlango sauti ya mwanamume asiyemjua, na kicheko asichokijua. Alilelewa akijua kwamba mlango uliofungwa hauulizwi, kwa hiyo hakuuliza. Kisha, vuli ya mwaka 1974, mlango ukaanza kuachwa wazi, na sauti iliyotoka humo ikawa ile aliyoizoea. Rosamund alifurahi. Aliona kwamba sasa mumewe hana la kumficha. Huku Cradley Heath, Leah alimwambia Avis maneno mengine. "Des wetu siku hizi anaongea na mimi kama daktari anayezungukazunguka habari mbaya." Aliisubiri habari hiyo hadi alipofariki, Februari 1989, na haikuletwa.

Harriet alizaliwa mwaka 1975, akakua na baba mmoja mwenye sauti moja. Alikuwa baba mpole, msahihishaji wa barua za watu wengine, mchemshaji mbaya wa mayai. Ni katika miezi hii miwili tu ambapo binti huyu amegundua kwamba hamjui vizuri mtu anayemzika.

Mwaka 2021 koo la marehemu lilianza kukwaruza. Aligundulika kuwa na saratani, na tarehe 3 Machi 2022 alifanyiwa upasuaji ulioondoa kisanduku cha sauti. Aliyejua sauti za nchi nzima akabaki bila hata moja. Hospitali ilimpa kifaa cha kumsemea: unaandika, chenyewe kinatamka, na unachagua sauti kutoka kwenye orodha. Alikaa nacho mchana mzima, akazijaribu zote, mabega yakimtikisika kwa kicheko kisicho na mlio. Halafu akachukua kibao chake na chaki, akaandika: *Hakuna hata mmoja humu ninayemjua.* Kifaa kikarudi kwenye boksi lake.

Novemba iliyopita alimtuma Harriet darini kuteremsha sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na ukanda wa kinasa sauti na karatasi moja iliyokunjwa. Akaandika kwenye kibao: *Siku yangu, chezeni ukanda. Sauti moja tu. Chagueni.*

"Ipi, baba?" Harriet aliuliza. "Tuambie ipi ni yako."

Marehemu alifuta alichoandika kwa mkono wa sweta, hakuandika kingine. Alifariki nyumbani Guildford, Jumanne tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, Rosamund na Harriet wakiwa wamemshika mkono, kila mmoja wake.

Ukanda huo ulirekodiwa mwaka 1974. Mtafiti mmoja, Dakta Pargeter, ambaye naye ameshatangulia, alimwomba Des asome maelezo mafupi ya kuzuia mabomba ya maji yasigande wakati wa baridi, na ayasome mara nane, kila mara kwa lafudhi ya mahali pengine. Ukanda ulichezwa mbele ya watu katika kumbi za miji kadhaa. Waliambiwa kwamba wanasikiliza wanaume wanane. Kila mmoja alipewa fomu ya kujaza: mtu huyu ana akili kiasi gani, kuanzia moja hadi saba, unadhani anafanya kazi gani, na je, ungempa ufunguo wa nyumba yako, nako kuanzia moja hadi saba. Maneno yalikuwa yaleyale na msomaji yuleyule. Sauti ya tatu, ya kusini, ilipewa akili nyingi karibu kila ukumbi. Ya sita, ya Cradley Heath, ilishika mkia. Ilishika mkia hata katika ukumbi wa kanisa la hapa, ambapo hakuna aliyekaa kwenye kiti anayezungumza tofauti nayo.

Jumamosi iliyofuata kifo, Rosamund na Harriet walikuja hadi jikoni kwa Avis wakiwa na kile kinasa sauti cha zamani.

"Karibuni. Wifi, kaa hapo pasipo na paka. Na wewe Harriet, usinisimamie mlangoni kama mtu wa bima."

Aliwapakulia vitonge vya ini na njegere. Rosamund, ambaye kwa miaka hamsini na moja alikuwa akivikataa kwa heshima, alimaliza sahani. Kisha wakacheza ukanda wote, sauti nane, mabomba yaleyale.

"Ya tatu," Rosamund akasema. "Huyo ndiye Desmond."

"Huyo ndiye aliyemfungia Des chumbani," akasema Avis. "Ya sita ndiyo kaka yangu."

"Kwa hiyo, wifi, mimi nimeishi na nani miaka yote hii?"

"Mimi ndiye nilitaka kukuuliza wewe."

Hawakugombana. Wote wawili walimwangalia Harriet, kwa sababu marehemu aliandika *chagueni* akimtazama yeye. Na Harriet hakuweza kuchagua, kwa sababu ambayo anaisema hapa kwa kuwa hapa ndipo mahali pake. Ukanda ulipofika kwenye sauti ya sita, kabla hajajizuia, aliwaza: huyu ni fundi, mtu mwema, mzito kidogo wa kuelewa. Ilimchukua pumzi mbili kukumbuka kwamba anamsikiliza baba yake. Angewezaje kumwekea juu ya kaburi sauti ambayo yeye mwenyewe, damu yake, ameidharau?

Ndipo akaikunjua ile karatasi, akidhani ni maelezo ya ukanda. Ilikuwa fomu iliyojazwa kwa penseli. Juu palichapwa kwamba msikilizaji asiandike jina lake. Chini, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na miwili, paliandikwa: LEAH TROMANS.

"Mama huyo," akasema Avis, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka hadi akashika meza. "Mama alisaini kila kitu. Alikuwa anasaini hata orodha ya kwenda nayo dukani. Waliwaita akina mama wa kanisani, wakawapa keki. Sikujua kwamba lilikuwa jambo la Des."

Des alimsaidia Dakta Pargeter kujumlisha fomu hizo. Alikutana na mwandiko wa mama yake katikati ya rundo. Kwa sauti ya tatu, Leah alitoa akili saba, na mahali pa kazi akaandika: *Daktari au mtu wa benki.* Kwa sauti ya sita alitoa akili mbili. *Mtoto mzuri. Si mwerevu.* Kunjo la karatasi limepita hapohapo, na limechakaa kwa kufunguliwa.

Hiyo ilikuwa vuli ya 1974. Rosamund aliitazama tarehe, akauelewa mlango.

"Alidhani hiyo ndiyo sauti aliyoipenda mama yake," akasema polepole. "Akawa anampa hiyo."

"Na mama alidhani anaonewa aibu," akasema Avis. "Miaka kumi na tano. Watu wawili kwenye waya mmoja, kila mtu anamheshimu mwenzake mpaka anamuumiza."

"Hakujua ni mwanawe aliyekuwa anampa alama," Rosamund akasema. "Asingeandika mbili."

"Si aliulizwa anasikika mwerevu kiasi gani? Mama hakuwa mwongo. Alijua wanavyosikika watoto wetu kwenye masikio ya watu."

"Lakini wewe unadhani alimtambua?"

Harriet alikuwa amerudisha ukanda mwanzo, akitafuta chochote cha kumsaidia, na safari hii alisikia kitu alichokipita mara ya kwanza. Kabla ya kila sauti kulikuwa na kikohozi kidogo, kikavu, na kidole kinachogonga karatasi mara mbili. Kikohozi kilikuwa kilekile mara nane. Kilikuwa kile alichokisikia nje ya chumba chake kila asubuhi ya shule. Harriet aliinamisha kichwa mezani. Huyo alikuwa baba, na alikuwa hajawa wa mahali popote.

"Mama angemtambua Des kwa kikohozi hicho akiwa kaburini," akasema Avis.

Kama ni hivyo, basi Leah alijua kwamba wanaume wote wanane ni mwanawe, na fomu ile ni barua. Au Dakta alivikata vikohozi kwenye nakala iliyochezwa kumbini, naye Leah hakujua lolote. Hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Familia imelitazama jambo hili kutoka kila upande na inakiri kwamba haijui.

Rosamund ndiye aliyesoma safu ya mwisho ya fomu, ile ambayo yeyote anayetafuta neno "akili" angeiruka. Ungempa ufunguo wa nyumba yako? Sauti ya tatu, daktari au mtu wa benki: moja. Sauti ya sita: saba, na penseli imekandamizwa hadi ikatoboa. Aliisoma kwa sauti, yeye mwenyewe, kwa lafudhi yake ya Guildford, kisha akavua miwani.

"Alikuwa anamgawia nani ufunguo?" akauliza.

"Hakuna," Avis akasema. "Aliufunga kwenye aproni. Mimi mwanawe nilikuwa nabisha hodi."

Paka alihama kiti. Rosamund akageuka kwa binti yake.

"Cheza ya sita, Harriet. Ya tatu ninayo. Nimeishi nayo, haiwezi kunitoka. Ya sita nilifungiwa mlango. Nataka kuisikia mara moja mlango ukiwa wazi, hata kama sitaielewa yote."

Avis alipanda juu, akakaa huko kitambo, akashuka na ufunguo kwenye mnyororo mfupi wa pete kumi na moja, ambazo kila moja ilipigwa na Leah. Nyumba namba 27 ilibomolewa mwaka 1981. Hakuna mlango duniani unaofunguliwa na ufunguo huo.

"Mpelekeeni," akasema. "Mama alimpa tangu zamani. Hakusoma mpaka mwisho, msomi huyo."

Marehemu ameacha mjane, Rosamund. Binti mmoja, Harriet. Wajukuu wawili, Tess na Barnaby. Na dada yake, Avis. Ameacha pia wanafunzi wengi, ambao kila mmoja anaweza kumwigiza na ambao, tunaona kwa nyuso zenu, hamkubaliani alisikikaje. Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia, na akina mama wa kanisa hili kwa chai.

Baada ya sala, Barnaby atawasha ukanda. Kwanza mtasikia kikohozi, na hicho hakina ubishi. Kisha mtamsikia mwanamume wa Cradley Heath akieleza habari za mabomba. Ikiwa kabla hamjajizuia mtamdhania kitu fulani, msione haya kupita kiasi. Hata binti yake alimdhania. Endeleeni kusikiliza. Kwa wageni watakaoshindwa kushika, maneno yenyewe ni haya: *Baridi ikikaza, usifunge mabomba yote. Acha moja lidondoke usiku kucha. Maji yanayotembea hayagandi.*

Pumzika kwa amani, Des wetu. Ufunguo uko mfuko wa kulia.